Chai ya Saa Mbili Asubuhi

Vidio nyingi za mazishi zinazotoka Kisii na Nyamira zinaanza na droni. Ukungu, mashamba ya majani chai, barabara nyekundu inayopinda mlimani, kisha mabati ya nyumba yanameta na tenti nyeupe zimejipanga uani. Kwaya inapanda. Jina la marehemu linaingia kwa herufi za dhahabu: mwaka wa kuzaliwa, kistari, mwaka wa kufa. Kama shangazi yako amewahi kukutumia linki ya mazishi kwenye Wasap, unajua ninachosema. Nimetengeneza nyingi za aina hiyo, katika chumba cha juu karibu na Daraja Mbili, Kisii mjini, ambako spika za duka la chini hupiga ngoma mpaka dirisha linatetemeka. Siwezi kujifanya kwamba mimi ni bora kuliko droni. Droni inanilipia kodi.

Mteja wangu hasa huwa hayuko kwenye tenti. Yuko Minnesota, ambako watu wetu wamejaa, au Dallas, au Doha. Ameamka usiku wa manane kwake, karatasi zake hazijakaa sawa, na akitoka huko huenda asirudi. Mwaka 2020 serikali ilipopunguza waombolezaji hadi watu 15 kwa sababu ya korona, hata waliokuwa ng'ambo ya kijito tu walizika kwa simu. Korona ikaisha, kamera ikabaki. Siku hizi bajeti ya matanga ina jeneza, mochari, chakula, tenti, na vijana wa vidio.

Kuna ile ya moja kwa moja, inarushwa vile mambo yalivyo, na mtandao ukikatika umekatika. Halafu kuna ile tunayoiita filamu, ya dakika 40 hivi, inayokuja wiki moja au mbili baadaye ikiwa imehaririwa. Hiyo ya pili ndiyo inayokaa. Inawekwa kwenye flashi, inachezwa Krismasi, na mtoto aliyezaliwa ng'ambo atamjua babu yake kupitia hiyo. Kwa hivyo mimi huchukulia dakika yake ya kwanza kwa uzito, na swali linalonisumbua linaanzia hapo hapo. Kama kila picha niliyoweka ni ya kweli, imepigwa siku ile, mahali pale, watu ni wale wale, je, mpangilio peke yake unaweza kuwa uongo?

Kabla sijasema kilichonipata, hebu tuelewane kuhusu mianzo yenyewe, kwa sababu watu wengi hudhani mwanzo mzuri ni mwanzo wenye kelele. Sio. Mwanzo mzuri hukupa swali kabla hujajua kwamba umeulizwa. Chukua Nairobi Half Life, ya 2012. Mwas hatambulishwi kwa sauti ya msimulizi inayotueleza alizaliwa wapi. Tunamkuta kijijini anauza sinema za DVD kwa kuziigiza, anapiga kelele, anakufa, anafufuka, yote ili mteja anunue. Baada ya dakika chache unajua kijana huyu ana mdomo mkubwa kuliko kijiji chake, na unataka kujua mdomo huo utamfikisha wapi. Au The Godfather, ya 1972: giza, halafu uso wa mwanamume anayeomba msaada. Kamera inarudi nyuma polepole sana, karibu dakika tatu bila mkato, ndipo tunaona bega la mtu anayeombwa. Yule mwombaji, by the way kwa kazi yake ni mtu wa mazishi. Nje kuna harusi. Wangeanza na harusi, ingekuwa filamu ya familia yenye furaha inayoharibika. Wameanza na ombi gizani, kwa hivyo tunaitazama harusi tukijua ina chumba cha nyuma.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni kutanguliza sauti. Skrini nyeusi, unasikia chepe likigonga udongo, au nyuzi za obokano, picha bado. Sikio linafika kabla ya jicho na linaanza kujitengenezea picha yake. Ni mbinu ya hatari kidogo. Jamaa mmoja wa Nairobi, fundi kweli kweli, alipewa vidio ya mazishi ya mama mmoja wa huku aihariri. Akaanza na giza na sauti ya mwana wa marehemu akilia, "Baba! Baba!" na chini yake akaweka maandishi ya Kiingereza yanayosema anamwita baba yake. Familia ilicheka katikati ya machozi. Kwa Ekegusii, baba ni mama. Baba kwetu anaitwa tata. Jamaa hakudanganya neno hata moja, alisikia tu kwa masikio ya kwao.

Sasa kisa changu.

Mazishi yalikuwa upande wa Nyamira, ridge moja nyuma ya Kebirigo. Marehemu alikuwa mwalimu aliyestaafu. Tulifika mapema mimi na mwenzangu, na saa mbili asubuhi, mwili ukiwa bado mochari, nikapiga picha za uani: sufuria, moshi, wazee wakipanga viti. Mjane alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko la nje. Mjukuu wake wa miaka minne hivi akamletea chai kwenye kikombe cha plastiki kilichojaa mpaka ukingoni, mtoto anatembea kama amebeba bomu. Mama akamtazama. Pembe ya mdomo ikapanda, kidogo tu. Jua lilikuwa linapenya moshi kutoka upande wa kulia, na nusu ya uso wake ikawa kama shaba. Nilijua pale pale kwamba hiyo ndiyo picha bora ya siku.

Wiki moja baadaye, kwenye laptopu, nilikuwa na tatizo ambalo kila mhariri wa mazishi analijua. Jeneza likishuka, unahitaji uso. Mtazamaji akiona jeneza anauliza, nani anaumia? Nyuso nilizokuwa nazo za saa tisa zilikuwa mbaya: watu wameinama, mwavuli wa mchungaji umeziba, jua limeungua kila kitu. Nikakumbuka uso wa asubuhi. Nikaanza filamu hivi: giza, kamba zikisugua mbao, sauti ya mchungaji. Jeneza linashuka. Mkato. Uso wa mjane, sekunde 4, hakuna chozi, hakuna mtoto, hakuna kikombe, macho yanatazama chini pembeni. Mkato. Droni, ukungu, herufi za dhahabu.

Ilikuwa safi, manze. Nilimwita kijana wa duka la chini apande aone. Akasema noma.

Siku ya tatu baada ya linki kutoka, kwenye kundi la Wasap la ukoo kukaingia picha ya skrini. Uso wake, umezungushiwa duara jekundu. Chini mtu ameandika kwamba ndugu yetu anashuka kaburini na huyu anacheka. Kulikuwa na shamba, na kulikuwa na ugonjwa ambao madaktari walichelewa kuupa jina. Kufikia jioni mmoja alikuwa ameandika herufi tatu za kwanza za neno omorogi, akaweka nukta nukta. Hakuhitaji kumaliza.

Mama mwenyewe alinipigia. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, ile chai nilikunywa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, mama."

"Na mzee alishuka saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro."

"Sasa wewe umenichekesha saa tisa."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sijaona sentensi inayoeleza kazi yangu vizuri kuliko hiyo.

Wanaosoma filamu wanajua hadithi ya Lev Kuleshov wa Urusi, ambaye karibu mwaka 1920 alichukua uso wa mwigizaji mmoja, Ivan Mosjoukine, uso usioonyesha lolote, akaubandika baada ya sahani ya supu, kisha baada ya jeneza, kisha baada ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walisifu jinsi mtu huyo anavyojua kuigiza njaa, huzuni na tamaa. Uso ulikuwa ni ule ule. Filamu yenyewe imepotea, tumebaki na masimulizi yasiyolingana kila mahali, lakini kila mtu aliyewahi kukaa mbele ya programu ya kuhariri anajua kwamba kitu hicho kinafanya kazi. Maana haikai ndani ya picha. Inakaa kwenye mshono. Huyo Mrusi alitumia supu na jeneza. Mimi nilichukua jeneza na chai, nikaificha chai.

Tofauti ni kwamba Mosjoukine alikuwa mwigizaji. Jioni alivua vipodozi akaenda zake. Mama wa Nyamira hana pa kwenda baada ya filamu. Anaishi ndani yake, na majirani zake ndio watazamaji.

Tena huku kwetu sekunde 4 si mzaha. Mei 2008, wazee 11 waliuawa na umati katika vijiji vya Kisii, wakachomwa moto, wanawake kwa wanaume, kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021 huko Marani wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa madai yayo hayo. Waliofanya hivyo hawakuwa wametazama filamu yoyote, najua. Walichokuwa nacho ni hadithi iliyopangwa vizuri: kwanza mtu anaugua au mtoto ananyamaza, kisha kamera ya macho yao inageuka inatafuta uso. Bibi kikongwe, mjane, anayekaa peke yake. Ni mkato ule ule. Kitu kibaya, halafu uso. Akili ya binadamu inaunganisha yenyewe, haihitaji mtu wa kuisaidia.

Ukitaka kuona picha zilizochukua njia nyingine, tafuta The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ya 2019, kuhusu nyanya wa huko pwani anayesingiziwa uchawi na jamaa zake. Pale kamera inakaa na nyanya. Tunamwona na kazi zake na maneno yake, mpaka hilo shtaka linaonekana dogo na la aibu kando yake. Wakati mwingine kumtendea mtu haki ni kumwacha kwenye skrini kwa muda wa kutosha ili aonekane mzima.

Nilijitetea kwanza, kama mtu yeyote. Nikasema kila filamu hufanya hivyo. Kata maisha ya mtu yaingie dakika 40, utaacha nini? Softie, ile ya Sam Soko kuhusu Boniface Mwangi, mwaka 2020 ilipata tuzo maalumu ya majaji kule Sundance, na tuzo yenyewe ilikuwa ya uhariri. Maana yake majaji walisifu kuchagua na kupanga, na swali kubwa la filamu ile ni la mpangilio pia: nini kitangulie, nchi au familia? Kupanga si dhambi. Bila kupanga kuna ghala la picha tu, na hakuna anayelilia ghala.

Nikajitetea tena, safari hii kwa Walter Murch. Huyo ndiye mhariri ambaye vijana wengi wa kazi hii wanamnukuu bila kumsoma, na mimi nilikuwa mmoja wao. Katika orodha yake ya vitu sita vinavyofanya mkato uwe mzuri, hisia ameipa asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, na vingine vitatu vinagawana kilichobaki. Kwa hivyo nilikuwa sahihi, si ndiyo? Mkato wangu ulikuwa na hisia. Ndipo nikairudia ile orodha nikaona kitu nilichokipita miaka yote. Ukweli haumo. Simlaumu Murch, aliandika akifikiria zaidi filamu ambazo watu wake wamelipwa kuwa pale. Lakini mimi nilikuwa nimeichukua hesabu ya watu wa kuigiza nikaipeleka uani kwa watu, ambako hisia ni za mtu na mtu huyo ana jina.

Kilichonimaliza kabisa kilikuwa kumbukumbu nyingine. Mwaka mmoja nyuma, kwenye mazishi ya upande wa Suneka, kijana wa marehemu alifika amechelewa, amekunywa kidogo, hakulia hata tone. Lakini nilikuwa na picha yake karibu na jiko, moshi umemwingia machoni, anapangusa kwa mkono wa shati. Nikaiweka baada ya jeneza. Familia ilifurahi. Mama yake alinipigia kunishukuru kwa jinsi nilivyoonyesha mwanawe alivyompenda baba yake, na dada yake akaniongezea elfu mbili. Sikuona kosa. Nilijiambia ni wema, hata ni kazi ya kichungaji kidogo.

Ni mkato ule ule! Moshi umekuwa machozi, chai imekuwa kicheko. Kwa nini huu wa kwanza nililala usingizi?

Jibu la haraka ni kwamba wa kwanza haukumdhuru mtu, na wa pili ulidhuru. Watu wengi ninaowauliza wanajibu hivyo na wanaridhika. Mimi sijaridhika. Kwa sababu hebu fikiria nani alimfundisha yule mtu wa duara jekundu kusoma nyuso. Ni sisi. Filamu baada ya filamu, mazishi baada ya mazishi, tumemwonyesha kwamba anayependa analia, na analia wakati jeneza linashuka, na analia akitazama kamera kwa pembe nzuri. Kila chozi la moshi nililoligeuza kuwa chozi la kweli lilikuwa tofali. Tofali kwa tofali tukajenga mahakama, halafu akaingia mama mmoja mwenye macho makavu na mahakama ikawa tayari inamsubiri. Uongo wangu mbaya usingeweza kufanya kazi bila uongo wangu mwema. Kwa hivyo siwezi kuutenganisha huo wema nikausamehe peke yake.

Na kuna jambo la mwanzo hasa. Kama ningeuweka uso ule kwenye dakika ya 25, katikati ya watu wanaokula na watoto wanaokimbia, huenda hakuna ambaye angeuona. Niliuweka mwanzo. City of God, ile filamu ya Brazil ya 2002, inaanza na kisu kinachonolewa na kuku anayetoroka, na muda si mrefu kijana amesimama katikati, genge upande huu, polisi upande ule. Kisha inarudi nyuma hadi miaka ya 60. Ni mwanzo wa ajabu, ningeutazama kila siku. Lakini ona unachofanyiwa. Kwa kuwa umeonyeshwa mwisho, kila kitu kinachofuata unakitazama kama sababu. Mtoto akicheza mpira, unauliza, huyu ndiye atakayeshika bunduki? Ukianza na jeneza na uso, umefungua faili ya kesi, na dakika 39 zinazofuata ni ushahidi. Mama akihudumia wageni chakula: mbona ana nguvu hivyo? Mama akinong'onezana na mwanamke mwingine: wanapanga nini? Mimi nilikuwa nimepiga picha za mtu anayeshughulika na wageni 400. Wao waliona mtu anayeficha.

Nilijaribu kurekebisha. Nikaondoa linki, nikarudisha toleo jipya ambamo picha ya asubuhi ni pana: mtoto, kikombe, moshi, na pembeni nimeandika saa mbili asubuhi. Kwenye kundi wakasema mhariri amelipwa amsafishe. Kufuta ile ya kwanza kukawa ushahidi pia, kwani mbona ifutwe kama haina kitu? Na haikufutika. Iko kwenye simu nisizozijua. Mkato unaweza kuufungua kwenye programu, lakini ndani ya kichwa cha mtu hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

Kifungua mimba wake yuko Minnesota. Ndiye aliyelipia vidio. Alinitumia ujumbe mfupi, bila salamu: nitumie zote, ambazo hujakata. Ilikuwa zaidi ya saa sita za kamera mbili. Nilizipandisha mtandaoni kwa usiku nne, bando zikinila. Nilidhani anataka kunishtaki. Alikuwa anataka kuwa mazishini.

Wiki moja baadaye akanipigia, usiku wa kwao. Alikuwa ametazama yote, kila dakika, baada ya zamu zake. "Bro, fungua kamera ya pili. Saa tano na dakika kumi. Usiangalie, sikiza."

Kamera ya pili ilikuwa kwenye stendi, imeelekezwa kwenye viti. Saa tano gari la mochari lilikuwa linapanda mlima, na umati wote ulikuwa umekimbilia barabarani kuupokea mwili. Hilo nalo lilikuwa kwenye orodha ya mashtaka: kwamba mjane hakwenda kumpokea mumewe. Mimi sikuwahi kuzitazama dakika zile, nani ahariri viti vitupu? Lakini maiki ilikuwa wazi. Mbali, nyuma ya jikoni, kuna sauti ya mwanamke. Si kile kilio cha mazishi tunachokijua, kile cha kuita watu. Ni sauti ya chini, inakatika, inarudi. Anamwita marehemu kwa jina ambalo nadhani halikuwahi kutumika mbele ya mtu mwingine, na anamwambia mambo mawili matatu. Sitayaandika hapa.

"Weka hiyo mwanzo," mwanawe akaniambia. "Giza, na hiyo sauti. Halafu jeneza. Wanyamaze wote."

Kitaalamu alikuwa sahihi mia kwa mia. Hakuna mwanzo ungeushinda. Hata nilishaanza kuona mahali pa kukata. Lakini nilikuwa nimeshajifunza angalau kitu kimoja, nikamwambia kwanza tumuulize mwenyewe.

Tulimpigia sote wawili, simu ya watu watatu, mwanawe akamweleza. Mama alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika.

"Nilienda nyuma ya jikoni," akasema, "kwa sababu nyinyi na kamera mlikuwa mbele."

"Lakini mama, itakusafisha."

"Nani alisema mimi ni mchafu?"

Mwanawe akaanza kubishana, kwa heshima, sauti inamtetemeka. Kwamba watu ni wabaya. Kwamba yuko mbali na hana njia nyingine ya kumlinda. Kwamba ukweli ni ukweli. Nilimwelewa, na bado namwelewa. Pale kulikuwa na picha ya kweli, ya saa ya kweli, kwa mpangilio wa kweli, ambayo ingeweza kumwokoa mtu, na mwenyewe anasema hapana. Kabla ya hapo nilidhani swali langu lote ni la uongo na ukweli. Nikitangaza ukweli, nimelipa deni. Sikujua kwamba ukweli pia unaweza kuwa wizi.

Mwishoni akaniuliza mimi. "Wewe umesikia yote?"

"Nimesikia, mama."

"Basi unatosha."

Akaaga, akasema ng'ombe hajakamuliwa.

Filamu ilivyo sasa inaanza na giza na sauti ya mchungaji, halafu shamba. Hakuna uso. Shemeji zake wanasema tumeuficha. Yeye anaamka mapema kupeleka majani chai kwenye kituo kabla watu hawajajaa, na jirani mmoja, mzee, huwa anamsindikiza. Mimi bado nahariri mazishi, na bado naanza na droni wateja wakitaka, ingawa siku hizi kila picha ya uso naipa jina la saa iliyopigwa, na uso wa asubuhi siupeleki mchana.

Ile sauti niliikata nikaiweka peke yake kwenye diski ya nje. Ina sekunde 41. Mama hajaniuliza kama niliifuta. Mwanawe ameniuliza mara mbili mwezi huu kama bado ninayo, na mara zote mbili nimemjibu ndiyo.